Mto wa Kukalia Uliogeuzwa Godoro

Jumatatu, 3 Machi

Meneja karudi kutoka semina. Laiti angekaa huko siku moja zaidi! Tulikuwa na oda ya hospitali ya kumaliza, mashine ya kukatia sponji inakwenda vizuri kuliko kawaida yake, mara kengele — wote ukumbini. Wote, mpaka mlinzi. Tukasimama katikati ya magodoro ambayo hayajafungwa, tunaambiwa kwamba uchumi wa taifa hautakua mpaka kila mfanyakazi afikiri kama mwenye mali. Wanaofungua biashara huko nje ni wajasiriamali. Na sisi tulioajiriwa, eti ni wajasiriamali wa ndani. Kila kitengo kilete wazo jipya kabla ya wiki kwisha.

Nikauliza, je, oda ya hospitali isubiri? Akacheka. Akasema hayo ndiyo mawazo ya kuajiriwa, dada.

Miaka yote hii nasimamia kitengo cha kukata, leo ndiyo nasikia kwamba kumaliza kazi ya mteja ni kasoro. Tufikiri kama wenye mali, tulipwe kama vibarua. Oda tumeimaliza jioni kwa kukimbizana, na miguu yangu inawaka moto.

Nyumbani, baba watoto kafurahi kuliko Meneja. Yeye ni mjasiriamali wa nje, tena mkongwe. Alifuga kuku, akafungua pa kuoshea magari, akachapa fulana. Kuku walikufa, magari hayakuja, fulana tunazivaa sisi. Anasema hatimaye nitamwelewa. Nimemwambia naenda kuoga.

Jumatano, 5 Machi

Tumeletewa mshauri. Kabla ya chai tulishampa jina: Slaidi. Hawezi kusema habari za asubuhi bila kuwasha projekta. Alituambia tufumbe macho tujione sisi ndio wateja. Fundi wa mashine akalala kweli, akaanza kukoroma, Slaidi akadhani ni kikohozi.

Lakini nisimwonee. Kuna moja alilosema likaniingia: anza na anachoumwa mteja. Hapo nikamkumbuka mama mkwe.

Mama mkwe ni fundi cherehani. Anaishi na sisi, cherehani yake iko barazani. Mwaka jana kiuno kilimkamata hata akawa anashona huku machozi yanamtoka, na kuacha hataki. Nikanunua masalio ya sponji pale getini kwetu, kama anavyonunua mtu yeyote, nikaanza kumkatia mto wa kukalia. Sponji ngumu chini, laini juu, na kwa nyuma nikachonga shimo ili mfupa wa mkia usiguse popote. Wa kwanza ulimdondosha mbele, nikamwokota sakafuni. Wa pili akasema nimemkalisha juu ya tofali. Wa tatu aliukalia, akashona mpaka adhuhuri bila kuinuka. Kisha akasema, "Huu usiuguse tena."

Basi nitaupeleka. Masalio yale tunayauza kama takataka, na mji mzima umejaa watu wanaokaa kutwa: madereva, mafundi, makarani. Nimechora vipimo baada ya chakula. Haya, niseme ukweli, nina furaha ya kitoto.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeshinda!

Ushindani wenyewe haukuwa mkali. Wa stoo alitaka stoo ihamishiwe karibu na chumba cha chai. Wa usafirishaji alitaka malori yapakwe rangi nyingine. Mimi nikaweka mto kwenye kiti, nikamwomba Meneja akae. Akakaa. Akajizungusha kushoto, kulia, akasikiliza mawazo yote yaliyobaki akiwa pale pale, hakutaka kuinuka. Makofi. Nimepewa mkono na watu ambao huwa hawanisalimii.

Halafu Meneja akachukua maiki. Wazo lolote la mfanyakazi ni mali ya kiwanda. Atakayeonekana analitengeneza nje, siku hiyo hiyo anakwenda nyumbani. Nilitaka kusema huu mto umezaliwa barazani kwangu, kwa masalio niliyoyanunua. Watu walikuwa bado wanapiga makofi. Nikakunja karatasi ya vipimo, nikarudi kitini kwangu.

Lakini pia nawaza: kiwanda kikiutengeneza, utafika mbali. Nautaka uwe kwenye kiti cha kila dereva. Na nataka ijulikane ni mimi niliyeutoa. Humu naweza kulisema hilo.

Mama mkwe alishajifunza kuukata mwenyewe, akawashonea shoga zake, na shoga zake wana waume madereva. Nimemweleza amri ya Meneja, nikamwomba aache. Kaniangalia juu ya miwani, kauliza kama nimekula. Hakusema ataacha.

Alhamisi, 13 Machi

Wazo langu limepewa kamati. Nilidhani ni heshima.

Mwenyekiti ni Mkuu wa Mauzo. Mtu mnene, anakaa kiubavuubavu kwa sababu ya mgongo wake, kila baada ya muda anaguna. Nikasema moyoni, huyu atanielewa kabla sijafungua mdomo. Wapi! Anasema bidhaa ni ndogo mno, kiwanda chetu kinajulikana kwa vitu vikubwa. Mto uongezwe upana. Sikuona ubaya, nikakubali. Watu wa uzalishaji nao wakasema mashine inakata mistari iliyonyooka, haiwezi kuchonga shimo. Shimo litolewe.

Nikawaambia shimo ndilo mto wenyewe. Bila shimo ni kipande cha sponji tu. Wakaandika kwamba maoni ya mbunifu yatazingatiwa. Mbunifu! Sasa nina cheo na sina shimo.

Jumatano, 19 Machi

Kamati tena. Mto sasa unakaliwa na watu wawili. Slaidi karidhika sana, anasema tumetoka kwenye mtu binafsi tumeingia kwenye familia.

Mkuu wa Mauzo akaguna, akajigeuza upande wa pili. Akauliza, ikiwa mtu ameshanunua kitu kipana hivyo, kwa nini asiweze kujinyoosha kidogo? Nikaangalia huku na huku nione nani atacheka wa kwanza. Hakuna. Walikuwa wanaandika. Urefu umeongezwa kwa kauli moja. Kauli yangu haikuhesabiwa kwa kuwa mbunifu hana kura.

Kichwa kinaniuma. Naenda kulala na jua lingali nje.

Ijumaa, 21 Machi

Godoro. Wametengeneza godoro!

Sampuli nimeikata kwa mikono yangu hii, kwa vipimo vya kamati, na kila nilipozidi kukata ndivyo nilivyozidi kuona. Fundi wa mashine kaja, kasimama pembeni yangu, kauliza kwa upole kama hii ni ile oda ya hospitali. Kiwanda cha magodoro kimekaa vikao, kimeleta mshauri, kimebuni godoro.

Nikampelekea Meneja. Nikamwambia kwa adabu zote kwamba bidhaa hii tunayo, tena tunayo tangu kiwanda kilipofunguliwa. Akaipapasa. Akasema kuna tofauti, hili lina kitambaa cha buluu. Litaitwa Godoro la Kukalia. Litazinduliwa mwezi ujao, mgeni rasmi atatoka wizarani, na mimi nitatunukiwa cheti. Nikamuuliza ule mto wangu je? Akasema ndio huu, dada, umekua.

Nilitoka nikaenda kusimama nyuma ya malori mpaka pumzi zikanirudia.

Baba watoto kasema niache kazi, tufungue yetu. Nikamjibu vibaya. Nikamuuliza watoto watasoma kwa pesa gani, za fulana? Akatoka kwenda kuzungumza na jirani. Nimejuta kwa ile sauti niliyotumia. Lakini mshahara wangu ndio unaoendesha nyumba hii na yeye anajua, na mama yake anajua, na Meneja anajua kuliko wote.

Jumapili, 23 Machi

Naandika vyombo vikiwa bado kwenye beseni.

Nilikuwa jikoni naosha vyombo. Nikasikia gari, nikasikia mtu anabisha hodi, kisha nikasikia mguno. Ule mguno! Nikachungulia kwenye pazia. Mkuu wa Mauzo, kwangu, barazani kwangu, amevaa kandambili! Madereva wake wamemwambia kuna mama anashona mito inayotibu kiuno. Nikarudi nyuma ya pazia.

Mama mkwe hamjui. Akamkaribisha, akamwekea mto kwenye kiti, akamwelekeza kama anavyowaelekeza wote: arudi nyuma kabisa, asikalie ncha, miguu chini, asiuogope. Mtu mzima yule hakuguna. Nilisubiri aongee, nikasikia cherehani tu. Baadaye akaomba miwili, mmoja wa mke wake.

Kisha akasema, na nanukuu neno kwa neno maana sitalisahau: "Mama, wewe ndiye tunayekuhitaji kule kazini kwetu. Tumejaza watu kibao, hakuna hata mmoja anayefikiri."

Nilikuwa nimeuma kitambaa cha vyombo.

Mama mkwe akamuuliza, kwani huko hamletewi mawazo? Akasema wanaletewa, ila madogo madogo. Baba watoto ndiye aliyembebea mito mpaka garini, akamfungulia na mlango.

Gari lilipoondoka nikamlipukia mama mkwe. Nikamwambia ikijulikana yeye ni mama mkwe wa nani, kesho sina kazi. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa. Akasema mtu kaja anaumwa, nilitaka amfukuze? Nikaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio, watoto wakaja kutazama.

Jumanne, 25 Machi

Kauleta kikaoni!

Mkuu wa Mauzo kaingia na mto kwapani, ule wa maua mekundu, kauweka kwenye kiti chake, kakaa wima. Mara ya kwanza namwona wima. Meneja akataka kujaribu. Akajizungusha kushoto, kulia, vile vile kama siku ile, akasema hiki sasa ndicho kitu. Upofu wa namna hii sijapata kuuona. Ni mto ule ule! Vipimo vile vile! Shimo pale pale! Tofauti ni maua.

Nikainua mkono. Nikasema, samahani, huu unafanana na ule niliouleta mimi. Walinitazama kwa huruma. Meneja akasema si vizuri kushindana na kila mtu, ule wangu ulikuwa mdogo. Nikaomba rula. Kweli, niliomba rula, na sikupewa.

Uamuzi wao ni huu. Mama huyo aalikwe siku ya uzinduzi awape wafanyakazi moyo, kwa kuwa ni mjasiriamali halisi, kutoka nje. Na akikubali, kiwanda kitaingia naye mkataba: yeye atushonee, sisi tuuze. Yaani nikiuleta kutoka ndani ni mdogo, ukiletwa kutoka nje ni wa kutia saini. Slaidi alikuwa anaitikia kwa kichwa muda wote.

Na nani atakwenda kumwalika? Mimi. Eti wanawake tunaelewana.

Alhamisi, 27 Machi

Nimewaambia nyumbani. Mama mkwe kauliza avae nini.

Nikamwambia asiende, tuseme anaumwa. Akasema haumwi, tangu apate ule mto haumwi, na hataki kujiombea ugonjwa.

Kisha baba watoto, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akatoa ushauri wa biashara ambao sikuweza kuupinga. Mama aende, aseme mto ni wake. Watatia saini naye. Kazi yangu itabaki, mito itatoka, nyumba itapata mara mbili. Hakuna atakayefukuzwa ikiwa hakuna atakayesema. Ninachotakiwa kufanya ni kukaa kwenye kiti changu na kumpigia makofi mama mkwe kwa kitu changu.

Rahisi! Nimekasirika kutwa nzima na sijui nimkasirikie nani. Baba watoto amesema kweli. Mama mkwe hana kosa. Meneja hata hajui kama kuna mtu aliyekasirika.

Jioni mama mkwe kaja kukaa na mimi jikoni, kashika kikombe chake. "Mwanangu, wakiniuliza nimelipata wapi hili wazo, niseme nini?" Nikamwambia aseme ni lake. Akasema uongo haujui, ameanza kuzeeka bila kuujifunza, na kwamba ule mto wa kwanza ulipomdondosha hajasahau ni nani aliyemwokota. Nikamwomba ajaribu tu. Kwa ajili ya watoto. Akasema atajaribu, na nikaona aibu kumtazama.

Jumanne, 1 Aprili

Mazoezi. Mimi najifanya mgeni rasmi. Namuuliza, mama, wazo hili ulilipata wapi? Anajibu, kwa mkwe wangu. Tunaanza upya. Mama, wazo hili ulilipata wapi? Kwa mkwe wangu. Baba watoto kacheka mpaka katoka nje.

Mara ya mwisho alijibu vizuri kabisa: lilinijia tu nikiwa nashona. Alivyolisema nilihisi kama nimepigwa kofi. Nikamwambia safi, hivyo hivyo.

Ijumaa, 4 Aprili — ukumbini

Nimepewa kazi ya kuandika yote yatakayosemwa. Daftari la ofisi nimelisahau mezani kwangu, naandika humu. Hakuna atakayejua, kila mtu ananiona mchapakazi.

Godoro liko jukwaani, limefungwa utepe. Bango nyuma yake: UBUNIFU WA NDANI, UCHUMI WA TAIFA. Slaidi kaongea mpaka projekta ikazima yenyewe. Meneja kasema nchi hii itajengwa na watu wanaothubutu. Nimeshapokea cheti. Jina la kitengo wamelikosea, wameandika kitengo cha kupaka. Nimepiga nacho picha pamoja na godoro.

Sasa mama mkwe. Kapanda na mto wake chini ya kwapa. Gauni la kijani, kalishona juzi. Haogopi hata kidogo! Kamwita Meneja jukwaani, kamkalisha, kamwambia arudi nyuma, mbona anakalia ncha kama anayetaka kukimbia. Ukumbi mzima unacheka, na Meneja anacheka. Anawaeleza sponji ngumu chini, laini juu. Anawaeleza shimo. Mkuu wa uzalishaji anaandika! Lile lile shimo!

Anaongea vizuri kuliko mimi. Najivunia yeye na namwonea wivu, vyote kwa pamoja.

Meneja kamnong'oneza mgeni rasmi. Karatasi za mkataba ziko pale mezani, naziona. Kumebaki kidogo tu. Amalize, ashuke, watie saini, twende nyumbani.

Mgeni rasmi anauliza swali. "Mama, wazo zuri hivi ulilipata wapi?"

Haya. Lilinijia tu nikiwa nashona. Haya, mama.

Amevua miwani. Anaifuta kwa pindo la gauni. "Hilo swali tumelifanyia mazoezi nyumbani."

Wanacheka. Wanadhani ni mzaha. Mgeni naye anacheka, anauliza, mazoezi na nani?

Kavaa miwani tena. Anapitisha macho kwenye viti, mstari baada ya mstari. Nimeinamisha kichwa naandika, naandika, bora niandike chochote. Mkuu wa Mauzo kageuka kuona anatafutwa nani. Meneja kasimama kwenye mto ili aone vizuri.

Kaniona. Mama mkwe kaniona. Kashusha maiki, kainyoosha huku kwangu, juu ya vichwa vya watu, na mstari mzima wa mbele umeanza kuipitisha mkono kwa mkono. Imefika kwa fundi wa mashine, aliyekaa kando yangu. Ananigusa bega.